Bao Moja, Majaribio Mangapi? Rekodi Kubwa za Mpira wa Mikono wa Wanaume

Lango la mpira wa mikono lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Mbele yake kuna eneo la mita 6 ambalo ni kipa peke yake anayeruhusiwa kulikanyaga. Mshambuliaji anachoweza ni kuruka juu yake na kutupa mpira kabla miguu haijagusa chini. Uwanja ni mita 40 kwa 20, kila timu ina wachezaji saba, mechi ni dakika 60. Katika nafasi hiyo finyu, timu mbili za daraja la juu hufunga mabao 50, hufika 60, na kuna siku hupita hapo. Mchezo wenye mabao mengi hivyo huzaa rekodi nyingi, na rekodi nyingi huzaa ubishi mwingi.

Ubishi huo ndio kazi ya wachambuzi. Siku hizi kila timu kubwa ina mtu wa kompyuta ambaye hukata video vipande vipande na kuandika kila mtupio: umetoka wapi, umeelekea kona gani ya lango, kipa alisimamaje, beki alikuwa umbali gani. Swali lake kuu ni moja: bao hili limepatikana kwa majaribio mangapi? Aliyefunga mabao 10 kwa mitupio 20 amepoteza mpira mara 10. Aliyefunga 8 kwa mitupio 9 amepoteza mara moja tu. Ubao wa matokeo utamsifu wa kwanza, lakini kocha atamtaka wa pili.

Hapa nimekusanya vilele vya mchezo huu kwa upande wa wanaume, na kila rekodi nimejaribu kuisoma kwa jicho hilo.

Mabao mengi zaidi katika Mashindano ya Dunia moja: 92

Rekodi hii ni ya Kiril Lazarov wa Masedonia, aliyoiweka Kroatia mwezi Januari 2009. Alifunga mabao 92 katika mechi tisa, wastani wa zaidi ya mabao 10 kwa mechi. Aliivunja rekodi ya Yoon Kyung-shin wa Korea Kusini, aliyefunga 86 Iceland mwaka 1995.

Lakini Masedonia ilimaliza mashindano hayo ya 2009 ikiwa ya 11. Kidole kimoja hakivunji chawa. Timu ilimtegemea mtu mmoja, na wapinzani walijua mpira utaishia kwa nani.

Sasa mtazame Mathias Gidsel wa Denmark mwaka 2025. Alifunga 74, pungufu ya Lazarov kwa mabao 18, pia katika mechi tisa, na timu yake ikatwaa ubingwa. Gidsel ni mshambuliaji wa nyuma kulia anayetumia mkono wa kushoto. Mara nyingi hasubiri kutupa kutoka mbali: huingia kwa kasi katika pengo kati ya mabeki wawili na kumalizia karibu na mstari wa mita 6, mahali ambapo kipa ana nafasi ndogo mno. Akizibiwa, pengo linakuwa limefunguka kwa mwenzake, naye humpa mpira. Kwa mchambuzi, bao alilolitengeneza lina uzito sawa na bao alilolifunga. Ndiyo maana alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano mwaka 2023, alipofunga 60, na tena mwaka 2025.

Mfululizo mrefu zaidi bila kufungwa katika Mashindano ya Dunia: mechi 37

Denmark walitolewa na Hungary katika hatua ya 16 bora Januari 2017. Mwaka huohuo kocha Nikolaj Jacobsen akachukua timu. Tangu hapo hadi Februari 2025 hawakupoteza mechi hata moja ya Mashindano ya Dunia: 10 mwaka 2019, tisa mwaka 2021, tisa mwaka 2023, tisa mwaka 2025. Njiani waliipita rekodi ya Ufaransa ya mechi 25. Wakawa taifa la kwanza kutwaa ubingwa wa wanaume mara nne mfululizo: 31-22 dhidi ya Norway, 26-24 dhidi ya Uswidi, 34-29 dhidi ya Ufaransa, 32-26 dhidi ya Kroatia.

Ndani ya namba 37 umejificha usiku mmoja wa Misri. Ilikuwa robo fainali ya 2021, ukumbi bila mashabiki kwa sababu ya korona, wenyeji dhidi ya mabingwa. Dakika 60 zikaisha sare. Muda wa nyongeza ukaisha sare, ukaongezwa wa pili, nao ukaisha sare. Denmark wakapita kwa penalti, 39-38. Mtupio mmoja ungeenda upande mwingine, mfululizo huu usingekuwepo, na leo tungekuwa tunaandika historia ya Misri. Anayesoma takwimu kwa uaminifu hukumbuka kwamba rekodi ndefu huwa na mahali ilipokaribia kukatika.

Tofauti yao na wengine ilionekana wazi zaidi mwaka 2025, walipoifunga Ujerumani 40-30 na Ureno 40-27. Katika mashindano hayo yote hakuna mpinzani aliyepoteza kwao kwa tofauti ya chini ya mabao sita.

Tofauti kubwa zaidi katika fainali ya Olimpiki: mabao 13

Agosti 2024, mjini Lille, Denmark waliilaza Ujerumani 39-26. Haikuwahi kutokea fainali ya Olimpiki ya wanaume kuisha kwa pengo kama hilo.

Matokeo hayo yanaweza kumfanya mtu adhani Wajerumani walikuwa dhaifu. Tazama njia waliyopita. Robo fainali waliitoa Ufaransa, mabingwa watetezi tena wenyeji, 35-34 baada ya muda wa nyongeza. Ufaransa walikuwa wakiongoza kwa bao moja na mpira uko mikononi mwao, zimebaki sekunde chache. Pasi ikanaswa, Renārs Uščins akasawazisha. Kijana huyo alifunga mabao 14 siku ile. Nusu fainali waliishinda Hispania 25-24. Timu iliyopita mara mbili kwa bao mojamoja ilifika fainali imeshatumia nguvu zake zote. Wachambuzi huhesabu dakika ambazo kila mchezaji amekaa uwanjani katika mashindano yote, kwa kuwa miguu iliyochoka huchelewa kurudi nyuma, na beki akichelewa hatua moja, bao limeingia.

Msimu safi kuliko yote: ushindi 34 kati ya mechi 34

Ligi Kuu ya Ujerumani inahesabiwa kuwa ngumu kuliko ligi nyingine zote za mchezo huu. Katika msimu wa 2011/12, THW Kiel chini ya kocha Alfred Gíslason kutoka Iceland walicheza mechi 34 na kushinda zote. Pointi 68, sifuri iliyopotea. Msimu huohuo walichukua pia Kombe la Ujerumani na Ligi ya Mabingwa Ulaya, wakiifunga Atlético Madrid 26-21 katika fainali.

Kushinda nyumbani kunategemewa. Kinachoshangaza ni mechi 17 za ugenini, nyingine zikichezwa siku chache baada ya safari ya Ulaya. Ligi hii ina timu za mkiani ambazo kwenye ukumbi wao mdogo huweza kumwangusha yeyote. Kiel walikuwa na Thierry Omeyer langoni, kipa aliyewahi kuchaguliwa mchezaji bora wa dunia, na walikuwa na wachezaji wa akiba ambao wangeanza katika klabu nyingine yoyote. Kwa maoni yangu hii ni rekodi ngumu kuliko zote zilizo katika makala haya. Mfungaji mwenye kipaji anaweza siku moja kuyakaribia mabao 92 ya Lazarov, lakini klabu ya kurudia 34 kwa 34 siioni kwa sasa.

Urejeo mkubwa zaidi katika fainali ya Ligi ya Mabingwa: mabao 9

Tarehe 29 Mei 2016, mjini Köln. Veszprém ya Hungary inaongoza 28-19 dhidi ya Kielce ya Poland. Zimebaki takriban dakika 14. Katika mchezo huu pengo la mabao tisa kwa muda huo kwa kawaida humaanisha kwamba wa upande mmoja wameshaanza kukumbatiana na wa upande wa pili wanatazama sakafu.

Kilichofuata ni bandu bandu huisha gogo. Kielce walifunga mabao 10, Veszprém wakafunga moja. Dakika 60 zikaisha 29-29. Muda wa nyongeza ukaisha 35-35. Penalti zikaamua: Kielce 39, Veszprém 38. Ukawa ubingwa wa kwanza wa Ulaya kwa klabu ya Poland, na kocha wao Talant Dujshebaev, yuleyule aliyekuwa na Atlético Madrid walipofungwa na Kiel mwaka 2012, akapata furaha yake.

Ukiigawa fainali hiyo kwa mashambulizi badala ya dakika, utaona kilichotokea. Timu moja hupata mashambulizi 50 hivi, au zaidi, kwa mechi. Anayeongoza kwa tisa huanza kuchezea muda: pasi za pembeni, mitupio ya kulazimisha mwamuzi anapoinua mkono kuonya mchezo wa kuvuta muda. Kila mtupio mbovu humpa mpinzani mpira wa kukimbia nao kabla ulinzi haujajipanga. Mashambulizi mabovu kumi tu, na mabao tisa yameyeyuka. Somo la Köln ambalo makocha bado wanalifundisha ni kwamba uongozi hulindwa kwa kuendelea kushambulia.

Kipa wa dhahabu tatu chini ya bendera tatu

Andrey Lavrov alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1988 akiwa na Umoja wa Kisovyeti, mwaka 1992 akiwa na Timu ya Pamoja iliyoundwa baada ya umoja huo kuvunjika, na mwaka 2000 akiwa na Urusi. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 42, akaongeza shaba.

Kipa wa mpira wa mikono hapimwi kama kipa wa soka. Akizuia mitupio mitatu katika kila 10, ametimiza kazi yake. Akifikisha minne, timu yake karibu hakika inashinda. Maana yake hata shujaa wa siku hufungwa mara nyingi kuliko anavyookoa, na hilo linahitaji moyo wa pekee: kufungwa, kusimama, na kusahau papo hapo. Umri humpunguzia kipa wepesi lakini humwongezea kumbukumbu. Lavrov alidumu kwa sababu alikuwa anawasoma watupaji.

Mtupio mkali: robo ya sekunde

Watupaji wakali wa dunia huvuka kilomita 120 kwa saa, na mitupio mikali zaidi iliyopimwa imepita 130. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 425 hadi 475. Piga hesabu: kilomita 120 kwa saa ni mita 33 kwa sekunde. Kutoka mstari wa mita 9, mpira unafika langoni kwa robo ya sekunde na ushei. Mwanadamu huhitaji karibu sehemu moja ya tano ya sekunde kuona kitu na kuanza tu kujibu. Kwa hiyo kipa akisubiri kuona mpira unaelekea wapi, amekwisha kufungwa. Anachofuata ni bega, nyonga na kifundo cha mkono wa mtupaji, akilinganisha na video alizotazama usiku uliotangulia.

Tangu Mashindano ya Ulaya ya 2020, mpira umewekewa kihisi ndani yake na wachezaji huvaa kingine kifuani au mgongoni. Kasi ya mtupio, urefu wa mruko na umbali aliokimbia mtu huonekana papo hapo. Vifaa hivyo vimethibitisha jambo ambalo makocha wazee walikuwa wakilisema: mtupio mkali kuliko wote si lazima uwe ndio unaofunga. Dainis Krištopāns wa Latvia ana kimo cha zaidi ya mita 2.10 na hutupa juu ya ukuta wa mabeki. Gidsel anacheza nafasi ileile kwa mkono uleule wa kushoto, na hana kimo hicho. Mmoja hupita juu, mwingine hupita katikati, na wote wawili wamefika daraja la juu kabisa.

Bao la mbali kabisa

Mwaka 2016 kanuni ilibadilishwa ili timu iweze kumtoa kipa na kuingiza mshambuliaji wa saba bila huyo kuvaa jezi ya rangi ya kipa. Tangu hapo tumezoea kuona timu ikishambulia saba kwa sita huku lango lake likiwa tupu. Ikipoteza mpira, kipa wa upande wa pili hutupa moja kwa moja, mita 30 au zaidi, na bao linahesabiwa. Mchambuzi huipa kila timu hesabu yake: saba kwa sita imeleta mabao mangapi zaidi, na lango tupu limegharimu mangapi. Wapo makocha waliogundua kwamba mbinu waliyoipenda ilikuwa ikiwafilisi. Mwaka 2022 kanuni nyingine ikapunguza pasi zinazoruhusiwa baada ya onyo la kuvuta muda, kutoka sita hadi nne, na mchezo ukazidi kwenda mbio. Ndiyo sababu rekodi za mabao za jana na za leo haziwekwi kwenye mizani moja bila maelezo.

Ushindi mkubwa kuliko wote: 86-2

Agosti 1981, mjini Miskolc, Hungary, Umoja wa Kisovyeti uliifunga Afghanistan 86-2 katika mashindano ya majeshi. Ni karibu bao moja kila sekunde 42. Namba hii hutajwa kila mahali, lakini ina somo dogo kuliko zote. Timu bora duniani ilikutana na timu ambayo haikuwa imeandaliwa kwa kiwango hicho. Nimeiweka hapa kwa sababu ipo, nami naipita haraka.

Umati mkubwa ukumbini: 53,586

Tarehe 10 Januari 2024, uwanja wa soka wa Düsseldorf ulifunikwa paa, ukatandikwa sakafu ya mpira wa mikono, na watu 53,586 wakaja kufungua Mashindano ya Ulaya. Ujerumani iliifunga Uswisi 27-14. Rekodi ya kabla yake ilikuwa ya Frankfurt mwaka 2014, watu 44,189. Mwaka 1936 mjini Berlin umati mkubwa zaidi ulitazama fainali ya Olimpiki, lakini ule ulikuwa mchezo mwingine, wa watu 11 kwenye nyasi.

Dhahabu nyingi kuliko wote: Karabatić

Nikola Karabatić wa Ufaransa aliaga baada ya Olimpiki ya Paris akiwa na dhahabu tatu za Olimpiki, nne za dunia na nne za Ulaya. Jumla 11. Alianza kama mtupaji mwenye mabavu, akamaliza kama mpangaji wa mashambulizi na nguzo ya ulinzi. Alipoona mwili umebadilika, alibadilisha kazi.

Waliofika mbali kutoka nje ya Ulaya

Mwaka 2001 Misri ilikuwa timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya kufika nusu fainali ya Mashindano ya Dunia, ikamaliza ya nne. Tunisia ikaifikia nafasi hiyo nyumbani mwaka 2005. Mwaka 2015 Qatar, wakiwa wenyeji na kikosi chenye wachezaji wengi waliopewa uraia, walicheza fainali na kufungwa na Ufaransa 25-22. Katika Olimpiki ya Tokyo, Misri iliitoa Ujerumani 31-26 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya mchezo huu.

Mwaka 2021, pale pale Misri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilishiriki Mashindano ya Dunia ya wanaume kwa mara ya kwanza. Pivoti wao (mshambuliaji wa mstari wa mita 6) Gauthier Mvumbi, mwenye mwili mkubwa kuliko wanavyotarajia watu, alitupa mara nne dhidi ya Argentina na kufunga zote nne. Dunia ilimzungumzia kwa umbo lake, lakini mtaalamu wa takwimu aliandika kitu kingine: nne kwa nne, asilimia 100. Hiyo ndiyo heshima aliyoistahili.

Kwa walimu na makocha wetu

Mpira wa mikono upo UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, upo katika shule za Kenya, upo katika vyuo na majeshi. Tunachokosa si vihisi vya Ulaya. Karatasi moja na kalamu vinatosha. Chora lango, ligawe vyumba tisa. Chora uwanja, weka alama kila mahali mtupio ulipotoka. Kila bao ni duara, kila kosa ni alama ya mkasi (X), na jina la mtupaji pembeni. Mwisho wa mechi utajua nani anapoteza mipira kona ipi, na kipa wako anafungwa chini kushoto mara ngapi. Mwanafunzi aliyeumia au aliye akiba anaweza kuifanya kazi hiyo, na huenda ukawa umemfungulia taaluma ya maisha.

Tusiwafundishe watoto kuhesabu mabao tu. Tuwafundishe kuhesabu na majaribio. Mwalimu, anza na mechi ijayo.